Chuo Kikuu na Baraza, Jirani Wasioamkiana

Sisi watu wa pwani neno "chuo" tulikuwa nalo kabla ya vyuo vikuu kujengwa katika nchi hii. Mimi nilipelekwa chuoni sijatimia miaka sita, ubao kwapani na kanzu yanizidi kimo. Chuo chetu kilikuwa ni ukumbi wa nyumba ya mwalimu, na nje ya mlango palikuwa na baraza la mawe. Ndani sisi watoto twasoma kwa sauti. Nje wazee wamekaa na kahawa yao, wazungumza habari za mji: kisima kilichoingia maji ya chumvi, mpaka wa shamba, ushuru wa sokoni. Mara kwa mara mmoja wao hugeuza shingo akaita, "Maalim, hebu toka kidogo." Mwalimu hutoka, akaulizwa hesabu ya mirathi au maana ya barua iliyotoka afisi ya serikali, akajibu, kisha akarudi kwetu. Baina ya chuo na baraza palikuwa na unene wa ukuta mmoja tu.

Hayo yalinirudia juzi nilipokuwa Eldoret, nilikokwenda kumwangalia binti yangu aliyeolewa huko. Mji ule uko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mtu wa Mvita akifika hana budi kuvaa kabuti juu ya kanzu. Jioni, baada ya Magharibi, nilikaa na wenyeji nje ya duka moja karibu na msikiti. Mazungumzo yakafika kwenye bei ya mahindi na mbolea, kisha kwenye taka za mtaani, kisha kwenye Mto Sosiani unaopita mjini na uchafu unaotupwa humo. Mimi, kwa tabia ya chuoni kwetu, nikauliza, "Na watu wa chuo kikuu wasemaje juu ya haya?" Mzee mwenye duka akacheka. Akanambia, "Maalim, chuo sisi tunakiona kikipita barabarani ndani ya basi."

Maneno hayo nimerudi nayo Mombasa, na ndiyo yaliyonishikisha kalamu leo.

KILICHOJENGEWA

Tukumbushane kidogo historia. Chuo Kikuu cha Moi ni tunda la kamati iliyoongozwa na Mkanada mmoja, Colin Mackay, ambayo ilitoa ripoti yake mwaka 1981. Kamati ile ilipendekeza Kenya iwe na chuo kikuu cha pili, chenye kuelemea sayansi na ufundi, na chenye kuyatazama matatizo ya watu wa mashambani. Sheria ikapitishwa mwaka 1984, na wanafunzi wa kwanza, 83 kwa hesabu, wakahamishwa kutoka idara ya misitu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Makao makuu yakawa Kesses, yapata kilomita 35 kutoka mjini Eldoret. Kwa hivyo chuo hiki hakikuletwa kule kwa sababu ya hewa nzuri. Kililetwa kiwe karibu na mkulima, na mkulima awe karibu nacho.

Kisha kuna Chuo Kikuu cha Eldoret, upande mwingine wa mji, ambacho asili yake ni kituo cha mwaka 1946 cha kuwafundisha wenye mashamba makubwa, na ambacho kilipata hati yake ya kujitegemea mwaka 2013. Wataalamu wake, kwa kushirikiana na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, walitoa mwaka 2014 mbegu za ngano zinazostahimili maradhi ya kutu ya shina, maradhi yaliyowatoa jasho wakulima tangu aina yake mpya ilipogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Hiyo si kazi ndogo hata kidogo.

Na mwaka huo wa 2013, msomaji atakumbuka, ndipo serikali za kaunti zilipoanza kazi chini ya Katiba ya 2010. Kaunti ya Uasin Gishu ilihesabiwa kuwa na watu 1,163,186 mwaka 2019. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ikatangazwa kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Ngoma zikapigwa, hati ikainuliwa juu, watu wakashangilia, na haki yao. Lakini haikutimia miezi miwili, mapema Oktoba, milango ya Chuo Kikuu cha Moi ikafungwa kwa muda usiojulikana kwa sababu ya mgomo wa wafanyakazi, na madeni yamekijaa chuo shingoni. Jiji likapanda cheo na chuo chake kikafungwa, katika mwaka mmoja! Mwenye kuyatazama mawili haya kama habari mbalimbali, na ayatazame tena.

WALIPOAMKIANA

Sitaki msomaji adhani kwamba nimekuja kulaumu tu. Katika Eldoret hiyo hiyo kuna jambo ambalo chuo na serikali walilifanya pamoja, na Afrika nzima ikaja kujifunza kwao.

Kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Moi kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1990, kiliwekewa kanuni moja nzuri sana, ijulikanayo kwa jina la COBES. Mwanafunzi wa udaktari hamalizi masomo yake akiwa amekaa darasani na hospitali kuu peke yake. Hutolewa akapelekwa katika vituo vya afya vya mashambani, akakaa na wenyeji, akaona maji wanywayo, jikoni wapikamo na njia ambayo mama mja mzito huipita usiku. Na haendi mara moja akasahau. Katika miaka yake ya masomo hurudi tena. Daktari aliyeanza hivyo humjua mgonjwa kwa nyumba yake na kwa shida zake, hata kabla ya kuyajua maradhi.

Hospitali ya wilaya ya Eldoret ikaja kuwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na chuo kikashikana mkono na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Ukaja msiba wa UKIMWI. Mwaka 2001, wakati wakubwa wengi wa dunia wakisema kwamba Afrika maskini haiwezi kujitibu kwa dawa zile za ghali, watu wa Eldoret walianzisha programu ya AMPATH katika pahali pawili: hospitali ya mjini, na kituo cha afya cha Mosoriot katika Nandi. Hawakujenga zahanati zao za kando. Waliingia katika vituo vya serikali vilivyokuwapo, wakafanya kazi pamoja na wauguzi wa serikali waliokuwapo.

Na hapa pana jambo la kuzingatia. Waligundua kwamba mgonjwa apewa dawa hali tumbo li tupu, na dawa kali haikai katika tumbo tupu. Kama wangekuwa watu wa vitabu tu wangeandika makala wakaipeleka ng'ambo. Lakini walilima mashamba, wakawapa wagonjwa chakula pamoja na dawa. Baadaye wakaanza kubisha hodi nyumba kwa nyumba, wakipima watu na kuwapa nasaha majumbani mwao. Kilichoanza pahali pawili kikaenea katika vituo vya serikali vya magharibi ya Kenya. Huo ndio mpango wa umma uliotungwa na chuo na serikali pamoja, tena ukatungwa mgonjwa akiwapo, akisikilizwa.

Waama, nao ulikuwa na ufa wake. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka Marekani, na mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, kazi ilitikisika na watu wakapoteza ajira. Ng'ombe wa kuazima hukamuliwa kwa hofu. Tangu mwaka 2013 vituo vya afya na hospitali za chini viko mikononi mwa kaunti. Basi kama kaunti haijatenga fedha yake yenyewe kwa jambo ambalo chuo chake kimethibitisha kuwa lafaa, jambo hilo laning'inia kwa uzi ulioshikwa ng'ambo.

AMANA

Sasa nije kwenye lile linaloniuma.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alisoma katika chuo kikuu kimoja ambacho sitakitaja, na akafanya utafiti juu ya wanawake wauzao mboga na samaki katika soko moja la pwani. Miezi mitatu alikaa nao. Akawauliza wanapata nini kwa siku, walipa ushuru gani, mvua ikinyesha wakimbilia wapi, na choo kiko umbali gani. Wakamjibu mambo yote, mpaka ya ndani ya nyumba zao, kwa kuwa ni mtoto wa mtaani na kwa kuwa aliwaahidi kwamba majibu yao yatawafaa. Akaandika kitabu kizima kwa Kiingereza, akapewa shahada, na sisi tukafurahi, tukapika pilau. Kitabu kikawekwa katika rafu ya maktaba.

Mwaka uliofuata ushuru wa soko lile ulipandishwa. Mkutano wa kuwauliza wananchi maoni yao uliitishwa, nami nilikuwapo. Mpango uliletwa nakala moja, nene kama tofali, kwa Kiingereza. Afisa alisoma kwa haraka, watu wakapewa soda, wakatia sahihi kwamba wamehudhuria, na sahihi zile zikawa ndiyo maoni. Katika meza ile hapana aliyejua kwamba maswali yote yaliyopasa kuulizwa yalikwisha kuulizwa, na majibu yake yamelala maktabani.

Nilipotoka nje, bibi mmoja muuza samaki alinishika kanzu. Akaniuliza, "Mwanangu, yule mtoto wenu aliyekuja kutuuliza maswali, majibu yetu ameyapeleka wapi?"

Nilinyamaza. Mimi niandikaye mashairi na makala miaka zaidi ya thelathini, sikuwa na neno la kumjibu mama yule.

Tulifundishwa tangu wadogo kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe. Mtu akikuwekea mkufu wa dhahabu huwezi kuuvaa arusini ukasema umependeza. Basi na maneno ya watu ni amana vilevile. Mtafiti aliyeingia mitaani akachukua habari za watu, akapata kwazo shahada na cheo, kisha asiwarudishie hata neno moja, huyo ana deni. Na serikali ambayo ina hazina hiyo mlangoni pake isiifungue, ikaenda kupanga mambo ya watu kwa kubahatisha, nayo ina deni. Wadaiwa wote wawili wanakaa katika mji mmoja, na mdai wao ni yule muuza samaki.

Uasin Gishu wenyewe wameonja uchungu wa kupanga jambo la elimu bila kulipima vya kutosha. Mpango wa kaunti wa kuwapeleka vijana kusoma Finland, ulioanza mwaka 2021, ulifika mwaka 2023 wazazi wamejaa katika barabara za Eldoret wakidai fedha zao, wengine walikuwa wameuza shamba na mifugo. Mambo hayo yalipelekwa mahakamani, nami simhukumu mtu. Nasema tu kwamba lile lilikuwa ni jambo la kuwekwa kwanza mbele ya watu wa vyuo, hadharani, waulize mmoja mmoja: ni nani hasa atoaye nafasi, karo ni kiasi gani kwa mwaka, fedha yapita mkononi mwa nani, na kijana akikwama huko ni nani dhamana yake. Maswali manne hayo yangeulizwa barazani, machozi mengi yangepungua.

NINI KIFANYWE

Wako watakaosema kwamba mbona mikataba ya ushirikiano iko tele. Naam, iko, na picha zake za kutiana sahihi na kupeana mikono twaziona magazetini. Lakini mkono uliotolewa kwa ajili ya picha hurudi mfukoni picha ikisha pigwa. Mimi napendekeza mambo matatu, na yote ni ya gharama ndogo.

La kwanza ni juu ya wakati na lugha. Sheria imekwisha kuweka tarehe. Kaunti yapaswa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya fedha kabla ya 30 Aprili. Na juu ya hayo kuna mpango mkubwa wa miaka mitano, kama huu wa 2023 hadi 2027. Basi vyuo vikuu navyo vijiwekee tarehe. Kabla ya kila mkutano wa wananchi, chuo kitoe kurasa mbili, si mia mbili, zisemazo: kuhusu jambo hili tumeyaona haya, na tunashauri hivi. Ziandikwe kwa Kiswahili chepesi, zibandikwe sokoni, msikitini, kanisani na steji ya matatu. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Eldoret ni mji wa Wakalenjin, Waluhya, Wakikuyu, Wajaluo, Wanubi, Wasomali na Wahindi, na mwanzoni mwa mwaka 2008 mji ule na viunga vyake uliona damu ya jirani ikimwagwa na jirani. Pahali kama hapo, kumsemesha mtu mambo ya ardhi na fedha kwa lugha asiyoielewa ni kumwachia mchochezi amfasirie.

La pili ni jawabu. Kaunti iliyopewa shauri na chuo iandike, kwa kalamu na mbele ya watu: hili tumelikubali, lile tumelikataa kwa sababu kadha. Kukataa si dhambi. Gavana na wawakilishi wa wadi ndio waliochaguliwa, na mwalimu hakuchaguliwa na mtu. Lakini anayekataa shauri pasi na kusema sababu huwa hakulisoma.

La tatu ni ile amana. Chuo kisimvike mtu joho mpaka awe amerudi katika mtaa alioufanyia utafiti, akasimama mbele ya watu wale wale akawaeleza alichokiona, na karatasi moja akaiacha kwa afisa wa wadi. Hilo lingemfaa hata mwanafunzi mwenyewe, kwani kuna makosa ambayo profesa hayaoni na muuza samaki huyaona mara moja.

Nawajua maafisa watakaonambia kwamba wasomi huleta majibu mwaka mmoja baada ya swali, tena kwa maneno magumu. Ni kweli. Nawajua na wasomi watakaosema kwamba wanasiasa humwita mtaalamu ili aje kuipaka chokaa nyumba iliyokwisha jengwa. Hilo nalo ni kweli. Ndiyo maana nataka yote yafanywe hadharani na kwa tarehe zijulikanazo. Kila mmoja ataona aibu kuchelewa, na kila mmoja ataona aibu kupuuza.

Pia kuna hatari ambayo wazee wetu waliijua. Mwanachuoni anayeshinda mlangoni pa mtawala, akingoja kualikwa ndani, watu walimwonea shaka hata akisema kweli. Profesa anayesubiri kuteuliwa katika kamati fulani, au chuo chenye madeni kinachotaraji kunusuriwa na wakubwa, hakiwezi kuwa na ulimi mrefu. Mwalimu wetu wa zamani alipoitwa barazani alitoka, akasema alilolijua, akarudi kwa wanafunzi wake. Hakukaa pale akingoja bahasha. Ushirika nitakao mimi ni wa namna hiyo: ukuta ubaki, lakini mlango uwe wazi.

NA SISI PWANI

Msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu asinicheke nikisema ya Eldoret, kwa kuwa na sisi yetu iko. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilianza maisha yake kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, iliyopokea wanafunzi tangu mwaka 1951, na miongoni mwa waliochangia kuijenga ni Aga Khan na Sultani wa Unguja, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi. Kilifi kuna Chuo Kikuu cha Pwani, na tangu mwaka 1989 kuna kituo cha utafiti ambacho kazi yake juu ya malaria yajulikana ulimwenguni. Hazina hizo ziko kwetu. Jiulize, ewe ndugu yangu: katika mkutano wa mwisho wa maoni uliohudhuria, juu ya maji, juu ya bandari, juu ya ardhi, je, ulimwona mtu wa chuo akisimama kusema? Na kama hukumwona, ni nani katika sisi aliyegeuza shingo akaita, "Maalim, hebu toka kidogo"?

Kwani kuita nako ni wajibu wetu. Yule mzee wa Eldoret alicheka, lakini naye miaka yote basi likipita hakulisimamisha. Tuwaite. Tuwaandikie. Tuwaalike katika mabaraza yetu, tuwatilie kahawa, tuwaulize. Msomi aliyeulizwa na watu wake hana njia ya kujificha nyuma ya Kiingereza.

Mpwa wangu nimemwambia arudi sokoni. Amekubali, na hivi sasa anakipunguza kitabu chake kiwe kurasa mbili za Kiswahili. Nami namsaidia lugha. Akimaliza tutakwenda naye, tukae juu ya makasha ya samaki, tumsomee yule mama majibu yake. Kisha zitakwenda kaunti, tuone watajibu nini.

Nami kwa kuwa sina zawadi nyingine, naaga kwa ubeti:

Chuo kikikaa mbali, baraza hulala njaa,
Baraza lisilojali, shauri hulikataa,
Semezaneni ukweli, mji upate kung'aa,
Chuo kije barazani, baraza lende chuoni.